Moto wa Mnarani

Nilikuwa nimechoka kabla hata sijaanza kupanda. Ningependa kusema kwamba nilifika kwenye ile rasi nikaduwazwa na uzuri wa ziwa, lakini nitakuwa nadanganya. Nilifika na viatu visivyofaa, kiuno kinaniuma, na hasira ya miaka mingi kwa mzee mmoja aliyekuwa amesimama juu ya mwamba akinipungia mkono kana kwamba nimekuja kutembea.

Mzee huyo ni baba yangu. Nyuma yake ulisimama mnara wa taa, wa mawe matupu, uliojengwa na wazungu enzi za meli za pamba ili manahodha wajue mwamba uko wapi. Uko mbali, kule mbele ya Sori, mahali ambapo hata mtu wa boda boda anakushusha na kukwambia, "Mama, kutoka hapa ni mguu." Baba aliwasha taa ya mnara ule kwa zaidi ya miaka arobaini. Kisha akastaafu. Kisha ofisi iliyomwajiri ikaleta taa ya sola inayojiwasha yenyewe. Na bado hakuondoka.

Mama yangu alikuwa anaugua. Nilikuwa nimemlaza nyumbani kwangu Homa Bay, kwenye kile chumba ninachowekea vitambaa, maana mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Daktari alikuwa ameniita kando na kuongea nami kwa ile sauti ya chini ambayo ukiisikia tu huhitaji tena maneno. Mama naye hakuhitaji kuambiwa. Asubuhi moja nikimnywesha uji, alinishika mkono akasema, "Maisha yangu yote nimepika kwa watu. Sitaki kuzikwa kwa watu."

Mtu wa kwetu angemwelewa mara moja. Kwetu mwanamume akioa, anajenga nyumba ndani ya boma la baba yake, na hapo ni pa muda tu. Watoto wakikua, inampasa atoke aanzishe boma lake. Tunaita kupiga dala. Na hapigi dala kwa kupakia mabati kwenye pikapu. Siku hiyo wanaondoka alfajiri: mume amebeba jogoo, kifungua mimba wake ana shoka, na mke amebeba moto kutoka kwenye jiko lake la zamani. Nyumba inasimama siku hiyo hiyo, hata kama ni ya miti na udongo. Mke akifa kabla ya hapo, anazikwa kwa baba mkwe wake, na watu watatikisa vichwa miaka na miaka.

Baba hakuwahi kupiga dala. Kiwanja kilikuwepo, nje kidogo ya Oyugis, kimemezwa na vichaka. Kaka yangu, kifungua mimba, ana duka la vifaa vya ujenzi pale Oyugis, ana wajukuu, nywele zimekuwa nyeupe pe, na bado alikuwa anakaa nyumba ya kupanga. Mwana hawezi kujenga boma kabla ya baba yake. Shoka alishalinunua zamani. Lilikaa chini ya kaunta mpaka wateja wakawa wanaliulizia bei.

Kila mwaka tulimpigia baba simu, na kila mwaka alikuwa na sababu. Mara mvua. Mara kuna wanafunzi wa chuo wanakuja kuuona mnara, nani atawaeleza historia? Mara goti. Mwishowe simu anapewa mama. Mama anasikiliza, anasema "Haya," anarudisha simu, anaendelea kupeta mtama wake. Ile "haya" ndiyo iliyonipandisha mwambani siku ile. Nilikuwa nimechoka kuisikia.

"Nyara," baba akasema nilipomfikia. Kwa lugha yetu, binti yangu. "Umekonda."

"Sijakonda, baba, nimechoka. Nimekuja kukuchukua."

"Kwanza uandike kitabu."

Jamani! Nikamwangalia nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Alinipeleka mpaka mlangoni mwa mnara, palipokuwa na meza ndogo, na juu yake kitabu cha wageni kilichofunikwa kwa nailoni. Jina. Mahali utokako. Sababu ya kuja. Waliotangulia walikuwa wameandika "utafiti", "picha", mmoja "fungate". Nikaandika: Kumchukua baba. Alikishika kitabu mbali na macho, akasoma, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akakifunika tena na nailoni yake.

Kando ya kile kulikuwa na kitabu kingine, cheusi, cha jalada gumu. Hicho nakijua tangu utotoni. Ofisi iliwafundisha kwamba mwenye kulinda taa huandika kila siku mstari mmoja, jambo lililotokea, bila kuongeza wala kupunguza, hata kama lililotokea ni kosa lake. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nasoma mistari ile nikidhani ni sala. Taa inawaka. Hakuna jambo. Taa inawaka. Hakuna jambo. Nikapekua kurasa za mwisho. Bado alikuwa anaandika, mtu aliyestaafu, kwa kalamu aliyojinunulia mwenyewe.

"Twende juu kwanza," akasema.

"Baba, goti lako."

"Goti langu linauma nikikaa."

Ngazi za mnara ule zinazunguka kama za kisima kilichopinduliwa, na madirisha ni matundu tu. Baba mbele, mimi nyuma, yeye anaongea njia nzima kuhusu mawe yalitoka wapi na chokaa ilichanganywa na nini. Katikati nikakaa chini. Nikakaa tu, kwenye ngazi, mkoba mapajani, nikahisi machozi yanakuja. Nina miaka hamsini na sita. Nilikuwa na oda ya sare ambayo haijakatwa, mgonjwa aliyebaki na jirani, na mzee anayenipandisha mnara wakati nimekuja kumteremsha. Nikajiambia, ukilia sasa, utalia hapa hapa mpaka jioni. Nikainuka.

Kule juu ile taa kubwa ya zamani ilikuwa bado iko, kioo chake kimepasuka upande mmoja, na baba alikuwa ameipangusa hadi inang'aa. Kando yake kilifungwa kile kitaa cha sola, kidogo kama bakuli la uji. Chini ziwa lilikuwa limetulia, kijani cha magugu kimejaa ghubani, mashua za kuvulia dagaa wa omena zimevutwa ufukweni. Baba alikiangalia kile kitaa cha sola kama mtu anavyomwangalia mkwe asiyempenda.

"Kinawaka vizuri?" nikamuuliza.

"Kinawaka," akasema. "Lakini hakiwashwi."

Tuliposhuka ndipo alinionyesha. Kuna stoo chini ya ngazi, zamani ilikuwa ya mapipa ya mafuta. Ndani, mchana kweupe, taa ya chemni ilikuwa inawaka juu ya kigoda. Pembeni yake nyingine, imezimwa, kioo chake kimeoshwa kinakaushwa. Nikauliza kwa nini anamaliza mafuta ya taa na jua liko nje.

Akanieleza pole pole, huku amekaa juu ya pipa. Siku walipokuja kuistaafisha ile taa kubwa ya zamani, alichukua moto wake kabla hawajaizima, akautia kwenye ile chemni. Tangu hapo hajauacha ufe. Kila asubuhi anawasha taa ya pili kutoka kwa ya kwanza, ndipo anazima ya kwanza, anapunguza utambi, anasugua kioo kwa jivu na gazeti. Kesho yake anabadilisha. Miaka tisa.

"Ni moto wa mama yako," akasema.

Hapo nikakumbuka mambo niliyoyasikia nikiwa mtoto na kuyapuuza. Mama alipoolewa aliletwa kwenye nyumba ya mlinzi wa taa, ile yenye bati jekundu nyuma ya mnara. Ndipo mahali pekee alipowahi kupika bila mama mkwe kumsimamia mgongoni. Baba alimshushia moto kutoka juu, mama akawasha kuni. Baadaye bibi akawa mgonjwa, sisi tukahitaji shule, mama akarudi kwenye boma la babu kulima na kuuguza. Alilia siku ile, nakumbuka, akafunga masufuria kwa kitenge huku analia. Baba akamwahidi kwamba siku watakapopiga dala, moto hautatoka kwa babu. Utatoka mnarani.

"Kumbe moto uko," nikasema. Sauti yangu ilikuwa inapanda na sikuizuia. "Miaka tisa moto uko hapa juu ya kigoda! Mbona hukuuleta?"

"Nikiondoka nani atalinda hapa?"

"Kile kitu kinajiwasha, baba!"

"Wageni je?"

"Mama anakufa!"

Nilikuwa nimepiga kelele. Ndani ya mnara sauti haiendi popote, inazunguka na kukurudia. Baba alinitazama. Nikaona usoni pake kwamba hakuna aliyekuwa amemwambia. Mimi nilidhani kaka amemwambia. Kaka alidhani nimemwambia mimi. Na mama, akipewa simu, alikuwa anasema "haya". Nikasikia aibu mpaka masikioni.

Hakuuliza ni ugonjwa gani. Alichukua kile kioo kilichooshwa, akakifuta tena kutoka juu hadi chini, polepole, kama hakuna mtu anayemsubiri. Akaweka utambi sawa. Akahamisha moto. Kisha akavuta kile kitabu cheusi, akaandika mstari wake, akakitia kwenye mfuko wa kiondo pamoja na miwani na suruali moja.

"Twende," akasema.

Kaka alikuwa amenitumia gari la kukodi litungoje mwisho wa barabara. Dereva alikuwa Mkuria kutoka kule mpakani, kijana mwenye heshima, kwa hiyo naye tuliongea Kiswahili. Alipoona mzee anakuja na taa inayowaka saa sita mchana, akafunga mlango wa gari.

"Mzee, hapana. Hii gari iko na petroli."

"Kijana," baba akasema, "mimi nimebeba moto kwa ngazi miaka arobaini na kitu. Umesikia mnara umeungua?"

"Mnara ni mawe, mzee."

Nikacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nikamweleza dereva habari ya dala, nikamweleza habari ya mama. Alisikiliza akikuna shingo. Mwishowe akasema kwao pia kuna mambo ya moto ambayo mtu hachezi nayo, ila madirisha yote yawe wazi na yeye aendeshe kama amebeba mayai. Baba akakaa mbele, kiondo mapajani. Mimi nikakaa nyuma, taa katikati ya miguu yangu, viganja vyangu vimezunguka kioo.

"Usiinamishe," baba akasema. "Na usilale."

"Nilale vipi na moto miguuni?"

Nililala. Sijui nilianza wapi. Nilikuwa sijalala vizuri tangu mama aletwe kwangu, na joto la ile taa lilinipanda magotini likawa tamu. Kilichoniamsha ni tuta, karibu na Ndhiwa. Gari liliruka, nikafumbua macho, nikaona kioo kimekuwa cheusi na utambi unatoa uzi wa moshi. Kisha hata moshi ukaisha.

Roho ilinitoka. Nakwambia nilitaka kufungua mlango nishuke nitembee nisirudi. Miaka tisa ya kuosha vioo, halafu mimi nimeshindwa kukaa macho kwa muda wa saa mbili tu, tena mchana. Baba alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, mdomo wazi kidogo, anakoroma. Nikagusa bega la dereva, nikamwonyesha taa bila kusema neno. Akaitazama kwenye kioo chake cha kutazamia nyuma. Akapunguza mwendo hadi gari likasimama chini ya mkaratusi, akashuka, akajifanya anakagua tairi. Alipopita dirishani pangu alinyoosha mkono, akaniachia kiberiti.

"Mama," akanong'ona, "si moto ni moto?"

Nikatoa kioo. Njiti mbili zikavunjika. Ya tatu ikashika. Nikarudisha kioo, nikarudisha kiberiti, dereva akarudi kwenye usukani na tukaendelea. Kutoka hapo mpaka Homa Bay sikufumba macho hata mara moja, nikiitazama taa tu. Haikusaidia kitu, lakini sikufumba.

Mama alikuwa amekalishwa kwenye kiti uani kwangu, jirani amemvalisha lile gauni la bluu la kanisani. Alimwona baba, akaiona taa.

"Umechelewa," akasema.

"Ilikuwa inawaka," baba akasema.

Baba alipiga magoti kwa lile goti lake bovu, akaiweka taa miguuni pa mama. Mama akaiangalia muda mrefu, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa msichana. Nikaingia jikoni. Nilifungua mfereji nikaosha vikombe visafi.

Jioni hiyo tulimpeleka mama Oyugis, tukalala kwenye boma la babu, na alfajiri tukatoka. Kaka alikuwa mbele na shoka lake la kaunta. Baba na jogoo. Mama tulimbeba kwa kiti mpaka mpakani mwa kiwanja, na hapo akasema mtu yeyote asimguse. Mama ni Msabato wa kweli, hakosi ibada, na shangazi mmoja alikuwa amemuuliza kama hizi mila hazimsumbui. Alijibu, "Jumamosi nimempa Mungu. Leo ni Jumatano." Akatembea na taa mkononi, hatua, pumziko, hatua. Kila hatua mimi nilikuwa nasema moyoni, ni kiberiti, mama, nisamehe, ni kiberiti tu. Akafika. Akawasha kuni kwa mkono wake. Jioni nyumba ilikuwa imesimama, udongo bado mbichi, na mama amelala ndani yake, akilalamika kwamba mlango umewekwa upande usiofaa.

Alilalamikia ule mlango kwa miezi mitano. Hiyo ilikuwa mingi kuliko alivyotabiri daktari. Alipika humo, alifukuza kuku wa watu, alimkaripia baba mbele ya wageni. Kisha akafa, na tukamzika kushoto kwa mlango wake, kwenye boma lake.

Mimi nilibaki na kiberiti changu. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikikaa kwenye cherehani nakumbuka, mguu unasimama, uzi unakatika. Mama alitaka kitu kimoja tu duniani, nikamtia mkononi kitu bandia, akaenda nacho kaburini akidhani ni cha kweli. Ndivyo nilivyokuwa najiambia. Ni mzigo unaochosha kuliko kazi.

Juzi, baada ya matanga kwisha na jamaa kutawanyika, nilikwenda kumpikia baba. Alikuwa amekaa nje anachambua maharagwe. Akanituma ndani nimletee miwani kwenye kiondo. Miwani ilikuwa imekaa juu ya kile kitabu cheusi. Nikakifungua, kwa mazoea tu, nikisoma kuanzia mwisho kurudi nyuma. Taa inawaka. Hakuna jambo. Taa inawaka. Mke amezikwa kwake. Taa inawaka. Mke amelalamikia mlango. Huyo hapo alikuwa, mama, mstari baada ya mstari, analalamikia mlango. Nikafika siku ya alfajiri ile: Mke amebeba moto. Amefika mwenyewe kwa miguu.

Mstari uliotangulia, wa pili kwa siku hiyo moja, ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wa kuyumba, wa mtu anayeandikia mapajani.

Ndhiwa, saa nane. Taa imezimika. Binti ameiwasha. Safari inaendelea.

Nilisimama pale na kitabu mkononi hadi akaniita mara mbili. Nikatoka. Nikamwambia, "Baba, ulikuwa macho."

Hakuinua kichwa. "Nilikuwa nakoroma."

"Baba."

Aliacha maharagwe. "Nilihisi lile tuta," akasema. "Nilisikia harufu ya utambi. Hiyo harufu naijua hata nikiwa kaburini." Akatazama kule kushoto kwa mlango, udongo bado haujashuka. "Ningefumbua macho, ningejua imezimika. Ningejua, ningekwambia turudi, nikatafute njia nyingine, nikae tena mwaka, nikae miwili. Najijua. Nilikuwa naogopa, nyara. Mtu akishapiga dala anangoja nini tena? Kwa hiyo nikafumba macho nione utafanya nini."

"Na kama ningekuamsha?"

"Mama yako angekuwa amelala kwa baba yangu."

Nilitaka kumpigia kelele. Miezi yote ile! Njiti zile tatu nilikuwa nazibeba peke yangu, kumbe yeye alishaziandika kwa wino. Lakini hasira ilipanda ikafika kifuani ikaishiwa nguvu, nikakaa chini kwenye udongo kando yake na kulia, kilio chote nilichokiacha kwenye zile ngazi. Baba alinipa kitambaa chake chenye harufu ya mafuta ya taa.

"Na mama alijua?" nikamuuliza nilipoweza.

"Nilimsomea kitabu jioni ile ile tuliyofika kwako," akasema. "Alisema, 'Haya.'"